Shule yenye foleni ndefu, mbona inajitangaza mwaka mzima?

Safu ya maswali ya wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili na ninaishi Bronx, New York. Tangu binti yangu mdogo alipokaribia umri wa kuanza chekechea, sanduku letu la barua limekuwa likijaa kadi kubwa za rangi kutoka shule za mkataba, nyingine zikiwa zimeandikwa jina la mtoto mwenyewe. Picha za shule hizo hizo nimezikuta kwenye kituo cha basi na ndani ya simu yangu. Nilipoomba nafasi katika mojawapo, niliambiwa kwamba waombaji ni wengi mno, na binti yangu akaangukia mbali sana katika orodha ya kungojea. Kisha, mwishoni mwa Agosti, nikapigiwa simu kwamba nafasi imepatikana na kwamba nijibu upesi. Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ikiwa watu wamejaa mlangoni, matangazo yote yale ni ya nini, na anayeyalipia ni nani?

JIBU: Mama, hayo mawili unayoyaona yanapingana yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Shule inaweza kuwa na majina mengi katika orodha yake na bado ikawa na hofu ya haki kabisa ya kufungua mwaka ikiwa na viti vitupu. Methali uliyoitaja inafaa sokoni, lakini hapa haitoshi, kwa sababu shule nzuri nazo hujitembeza, na sababu kubwa imo katika namna fedha zinavyogawiwa.

Shule ya mkataba nchini Marekani ni shule ya umma isiyotoza ada, inayoendeshwa na bodi yake yenyewe chini ya mkataba uliotolewa na mamlaka ya serikali, na mkataba huo unaweza kukataliwa kuongezwa muda shule isipotimiza iliyoahidi. Jimbo la kwanza kutunga sheria ya shule za aina hii lilikuwa Minnesota, mwaka 1991. New York ilitunga ya kwake mnamo Desemba 1998. Shule ya kawaida ya mtaa huletewa watoto na mipaka ya mtaa wenyewe, ilhali shule ya mkataba haina mtoto yeyote wa chekechea mpaka mzazi ajaze fomu, aikubali nafasi, na amlete mtoto siku ya kwanza. Fedha za umma humfuata mtoto huyo. Katika jiji lenu, kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi wa shule ya mkataba kilizidi dola 17,000 katika mwaka wa masomo wa 2023–2024. Darasa likipungukiwa watoto watano tu, shule imekosa zaidi ya dola 85,000, na mshahara wa mwalimu wa darasa hilo haupungui kwa sababu watoto hao hawakuja. Kwa mkurugenzi anayetazama hesabu hizo, tangazo la dola elfu kadhaa linaonekana kuwa bima.

Sasa tazama jinsi orodha inavyovuja. Sheria ya New York inataka bahati nasibu ichezwe pale waombaji wanapozidi nafasi, huku ndugu wa wanafunzi waliomo na wakazi wa wilaya ya shule wakitangulizwa. Maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili na kura hupigwa baadaye mwezi huo huo. Familia inayojali, kama yako, haiombi shule moja. Huomba nne, tano, pengine zaidi, kwa sababu fomu haina gharama na mara nyingi hujazwa mtandaoni kwa shule kadhaa kwa pamoja. Mtoto mmoja anapopata nafasi katika shule mbili, huichukua moja, na ile ya pili hurudi kwenye orodha kumtafuta mtoto mwingine. Wengine huamua kubaki katika shule ya mtaani, wengine huhama jiji. Kwa hiyo shule hupiga simu kuanzia Aprili mpaka Septemba, ikishuka chini ya orodha hatua kwa hatua, na simu uliyopigiwa mwishoni mwa Agosti ni kazi ya kawaida ya msimu huo. Shule inayojua kuwa wengi wa wanaopewa nafasi wataikataa huhitaji waombaji kadhaa kwa kila kiti, na ndiyo maana hutangaza hata ikiwa na orodha ndefu.

Hata hivyo, iko sababu ya pili, na hii ndiyo inayonisumbua. Orodha ya kungojea haibaki ofisini mwa shule. Hupelekwa mbele ya watunga sheria kama ushahidi. Sheria ya New York huweka kikomo cha idadi ya mikataba inayoweza kutolewa, na mwaka 2010 kikomo hicho kilipandishwa kutoka 200 hadi 460. Kila mara mjadala wa kukipandisha tena unapoanza, watetezi wa shule hizi huonyesha wingi wa majina yanayongoja. Mwenye kuomba mkataba mpya naye hutakiwa na sheria kuonyesha kwamba jamii inaihitaji shule yake. Hapo tangazo hufanya kazi mbili: hujaza viti, na hurefusha orodha ambayo baadaye itaitwa sauti ya wazazi. Jina katika orodha linathibitisha kwamba mzazi alisikia habari za shule na akatumia dakika chache kujaza fomu. Halithibitishi kwamba angeikubali nafasi, wala kwamba ameikataa shule nyingine yoyote. Taasisi inayolipia matangazo, kisha ikahesabu walioitikia, kisha ikaomba kupanuliwa kwa hesabu hiyo, inapaswa kueleza hadharani ni kiasi gani ilitumia kuipata hesabu yenyewe. Naliona hili kuwa jambo la haki, na linapaswa kuwekwa kwenye sheria.

Nisingependa usome maneno haya kama lawama kwa kila kadi iliyoingia sandukuni mwako. Shule mpya isiyojulikana na mtu haina njia ya kujaza darasa lake la kwanza bila kujitambulisha. Zaidi ya hayo, marekebisho ya sheria ya mwaka 2010 yaliweka malengo kwa shule za mkataba za New York ya kuandikisha na kuwabakiza watoto wenye ulemavu, watoto wanaojifunza Kiingereza, na watoto wa familia zenye kipato kidogo. Shule inayotafuta wanafunzi kwa njia ya marafiki wa wazazi waliomo itawapata wale tu wanaofahamiana, na mgeni aliyefika nchini mwaka jana hatasikia lolote. Kipeperushi kilichoandikwa kwa lugha ya mgeni huyo, kikaachwa katika zahanati, msikitini au kanisani, ni fedha ya umma iliyotumika vema. Ninachokipinga ni kadi ya sita kwa familia ile ile iliyokwisha kupata tano.

Yafaa pia kuuliza ushindani huu huzaa nini. New Orleans ni mji unaofaa kutazamwa, maana baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005 karibu shule zake zote za umma ziligeuzwa kuwa za mkataba. Mtafiti Huriya Jabbar aliwahoji wakuu wa shule 30 mjini humo, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2015 alionyesha kwamba karibu wote walijiona wakishindania wanafunzi, na kwamba jibu la wengi lilikuwa kujitangaza, ilhali walioitikia ushindani kwa kuboresha masomo walikuwa wachache zaidi. Alikuta pia baadhi ya shule ambazo hazikutangaza nafasi zilizokuwa wazi, kwa kuhofia kupata watoto watakaowapa shida. Ukimya, basi, unaweza kuchagua watoto kama tangazo linavyoweza, na mzazi hawezi kuuona.

Kuhusu nani analipa: shule hupata fedha za umma kwa kila mwanafunzi, misaada ya kuanzisha shule kutoka mpango wa serikali kuu uliowekwa na sheria ya mwaka 1994, na michango ya wafadhili binafsi. Mara nyingi utaambiwa kwamba matangazo yalilipiwa na wafadhili. Huenda ikawa kweli, lakini dola ya mfadhili iliyokwenda kwenye bango haikwenda kwenye vitabu, kwa hiyo swali la matumizi mema linabaki pale pale. Habari njema ni kwamba unaweza kutazama mwenyewe. Mashirika yasiyo ya faida nchini Marekani huwasilisha kila mwaka kwa mamlaka ya kodi Fomu 990, ambayo husomwa na yeyote bila malipo, na katika sehemu ya tisa ya fomu hiyo mstari wa 12 ni wa gharama za matangazo na uenezi. Uwe mwangalifu katika mambo mawili. Kwanza, shule nyingi zimo ndani ya mitandao, na matangazo hulipwa na shirika mama kutokana na ada ambayo kila shule hulipa, kwa hiyo itazame fomu ya shirika mama pia. Pili, mishahara ya maofisa wa uandikishaji, ambao kazi yao ni kuwatafuta wanafunzi, huhesabiwa katika mistari mingine. Kiasi utakachokiona ni cha chini kabisa. Ukitaka kukipima, kigawe kwa idadi ya wanafunzi wapya walioingia mwaka ule, kwa maana ukikigawa kwa wanafunzi wote wa mtandao kitaonekana kidogo kuliko kilivyo.

Jina la binti yako huenda lilifika hivi. Kwa miaka mingi idara ya elimu ya jiji lenu iliiruhusu kampuni ya kutuma barua kutumia anwani za familia za shule za umma kwa niaba ya shule za mkataba, ambazo zililipia kazi hiyo bila kukabidhiwa orodha yenyewe. Sheria ya faragha ya wanafunzi ya mwaka 1974 inaruhusu habari za kawaida kama jina na anwani zitolewe endapo mzazi hajakataa kwa maandishi. Wazazi walilalamika, na ikawekwa njia ya kujitoa. Waulize katika shule anayosoma mtoto wako mkubwa fomu ya kukataa, uijaze, nawe uhifadhi nakala.

Na kabla hujaijibu simu ile, rudisha maswali. Waulize mtoto wa mwisho kuitwa mwaka jana alikuwa wa ngapi katika orodha, kwa maana nambari hiyo moja itakueleza mengi kuliko urefu wa orodha nzima. Waulize ni wangapi kati ya walioanza chekechea mwaka jana waliorudi mwaka huu. Waulize pia kama hujaza nafasi ya mtoto anayeondoka katika madarasa ya juu. Success Academy, mtandao mkubwa wa shule za mkataba wa New York ulioanzia Harlem mwaka 2006, kwa miaka mingi ulikuwa na utaratibu wa kutopokea wanafunzi wapya baada ya darasa la nne. Watu wenye busara wanabishana kuhusu utaratibu huo, lakini haupatani vizuri na malalamiko kwamba maelfu wanangoja nje huku viti vya madarasa ya juu vikizidi kubaki vitupu. Shule yenye majibu mazuri kwa maswali haya itafurahi kuyatoa, na ukiridhika nayo, mpeleke mtoto bila wasiwasi wowote juu ya mabango yake.

SWALI: Bwana Mhariri, ninaishi Worcester, Massachusetts. Nakumbuka kwamba kabla ya kura ya mwaka 2016 juu ya kuongeza shule za mkataba, tuliambiwa kila siku kwenye televisheni kwamba watoto zaidi ya 32,000 wamo katika orodha za kungojea. Jirani yangu husema hesabu ile ilikuwa ya uongo mtupu. Je, ni kweli?

JIBU: Uongo mtupu ni neno kali kuliko ushahidi uliopo, ingawa jirani yako ana sababu ya kutilia shaka. Mwaka 2014 mkaguzi mkuu wa jimbo lenu, Suzanne Bump, alitoa ripoti iliyosema kwamba takwimu za orodha za kungojea zilizokuwa zikitunzwa na idara ya elimu hazikuwa za kutegemewa. Kasoro ilikuwa katika utunzaji: jina la mtoto mmoja lilihesabiwa katika kila shule aliyoomba, na baadhi ya shule zilibeba majina ya mwaka mmoja hadi mwaka unaofuata bila kuuliza kama familia bado inataka nafasi. Jimbo lilibadilisha taratibu zake, na hesabu ya karibu na kura ile ilikusudiwa kumhesabu kila mtoto mara moja. Ilikuwa bora kuliko za zamani, lakini hata mtoto aliyehesabiwa mara moja anaweza kuwa ameshapata shule anayoipenda.

Tatizo hilo halikuwa la Massachusetts peke yake. Mwaka 2014 chama cha kitaifa cha shule za mkataba kilitangaza kwamba majina katika orodha nchini kote yamezidi milioni moja. Mwezi ule ule wa Mei watafiti Kevin Welner na Gary Miron walichapisha sababu tisa za kuitazama hesabu hiyo kwa tahadhari, ya kwanza ikiwa kwamba mwombaji mmoja huhesabiwa mara nyingi. Chama chenyewe, kilipotangaza majina kama 920,000 mwaka uliotangulia, kilikuwa kimekadiria kwamba watoto halisi nyuma ya majina hayo walikuwa wapata 520,000. Makadirio hayo, ambayo ni ya watetezi wenyewe, yalikuwa kwenye maandishi yao, lakini kwenye vichwa vya habari ilibaki ile namba kubwa.

Nitakuwa nimekosa uadilifu nikiishia hapo. Katika Boston, wachumi kadhaa, miongoni mwao Joshua Angrist aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, waliwafuatilia watoto walioshinda na walioshindwa katika bahati nasibu za shule za mkataba. Kwa kuwa kura ndiyo iliyowatenganisha, tofauti ya baadaye haiwezi kuelezwa kwa ari ya wazazi, maana wote walikuwa wameomba. Waliopata nafasi walipanda sana katika mitihani ya hisabati na ya lugha. Wazazi wa Boston waliozitamani shule zile hawakuwa wamedanganywa na mabango. Walikuwa wameona kitu cha kweli. Hoja yangu ni kwamba mafanikio ya namna hiyo ndiyo yaliyostahili kuwekwa mbele ya wapiga kura, kwa kuwa yalipimwa kwa uangalifu, badala ya urefu wa orodha, ambao haukupimwa hivyo.

Kampeni ile, pande zote mbili zikijumlishwa, iligharimu zaidi ya dola milioni 40, na Novemba 2016 wapiga kura walilikataa pendekezo kwa asilimia 62 dhidi ya 38. Mwaka uliofuata shirika moja lililoliunga mkono, Families for Excellent Schools, lilikubali kulipa zaidi ya dola 426,000 kwa ofisi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni, baada ya kubainika kwamba lilikuwa limeficha majina ya wafadhili. Kwa hesabu za siku zijazo, iko miji iliyoonyesha njia. Denver na New Orleans tangu mwaka 2012, na Washington muda mfupi baadaye, zilianzisha fomu moja ambayo mzazi huandika shule anazozitaka kwa mpangilio wa upendeleo wake, na mfumo humpa mtoto nafasi moja. Fomu ya namna hiyo huonyesha shule ipi iliwekwa ya kwanza na wazazi wangapi, jambo ambalo orodha ya kungojea haiwezi kulionyesha kamwe.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni baba kijana, naishi Columbus, Ohio. Kila nikiwasha televisheni naona tangazo la shule ya mkataba inayofundisha kupitia intaneti tu. Mwanangu wa miaka kumi na mitatu anaonewa shuleni na anataka kujiunga nayo. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuonewa ni jambo zito, na wapo watoto ambao masomo ya nyumbani yamewaokoa. Lakini katika jimbo lako nakusihi uende polepole. Ohio ndiyo iliyokuwa makao ya ECOT, iliyokuwa mojawapo ya shule kubwa kabisa za mtandaoni nchini, nayo ilijitangaza kwa bidii kwenye televisheni. Serikali ya jimbo ilipokagua kumbukumbu za mwaka wa masomo wa 2015–2016, ilikuta kwamba kati ya wanafunzi zaidi ya 15,000 ambao shule ililipwa kwa ajili yao, ushahidi wa masomo ulitosha kwa wapata 6,300 tu. Iliamriwa kurudisha kiasi cha dola milioni 60 kwa mwaka huo mmoja, na Januari 2018 ikafungwa katikati ya mwaka, wanafunzi wapata 12,000 wakaachwa wakitafuta shule nyingine.

Shule za mtandaoni hutumia fedha nyingi kwa matangazo kwa sababu ya umbile lao. Hazina jengo ambalo jirani analiona, na wanafunzi wao huondoka kwa wingi ndani ya mwaka, hivyo lazima wengine watafutwe wakati wote. Gazeti la USA Today lilikadiria mwaka 2012 kwamba waendeshaji kumi wakubwa wa kibiashara wa shule hizi walikuwa wametumia dola milioni 94.4 kwa matangazo tangu mwaka 2007, na kwamba mmoja wao, K12 Inc., alitumia kama dola milioni 21.5 katika miezi minane ya kwanza ya mwaka 2012 pekee. Fedha hizo kwa sehemu kubwa zilitokana na kodi.

Kabla ya kusaini chochote, iandikie shule anayosoma sasa kwa barua, si kwa mdomo, ukieleza anavyoonewa na kuomba hatua zichukuliwe, na ubaki na nakala yenye tarehe. Kisha iulize shule ya mtandaoni ni wangapi kati ya walioandikishwa Septemba iliyopita waliokuwapo bado mwezi wa Mei, mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, na mwanao atazungumza ana kwa ana na mwalimu mara ngapi kwa wiki. Tazama pia tathmini ya shule hiyo ambayo idara ya elimu ya Ohio huichapisha kila mwaka. Iwapo hakuna mtu mzima atakayekuwa nyumbani mchana kumsimamia, mtafutie kwanza nafasi katika shule nyingine yenye madarasa na walimu wanaomwona, maana mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeumizwa na wenzake huhitaji wenzake wengine walio bora, na hao hatawapata akiwa peke yake mbele ya kompyuta.